Kibanda cha Mawe cha Oldupai

Vyuo vikuu vyetu vikongwe vina jengo ambalo mhitimu hulitambua hata likichorwa kwa penseli. Makerere ina Jengo Kuu la mwaka 1941, lenye mnara na saa, lililoungua usiku wa kuamkia Septemba 20, 2020 na kujengwa upya kwa sura ileile ya zamani. Dar es Salaam ina Ukumbi wa Nkrumah, ambao Watanzania wengi waliuona kwenye noti ya shilingi 500 kabla hawajakanyaga Mlimani. Karatu na Ngorongoro hazina kampasi ya namna hiyo. Zina Bonde la Oldupai, na kwa anayesomea akiolojia katika nchi hii Oldupai ni kampasi tosha: hapo ndipo mtu hupewa mwiko na brashi, akaonyeshwa namna ya kupiga magoti. Kampasi hiyo nayo ina jengo lake la kihistoria. Ni kibanda cha mawe.

Kibanda hicho kipo mahali paitwapo DK, yaani Douglas Korongo, upande wa mashariki wa korongo kuu. Jina lilitoka kwa Douglas Leakey, ndugu yake Louis Leakey, mwanaakiolojia aliyechimba bondeni humo. Mgeni anayetoka Karatu, akapita lango la Loduare, akazunguka ukingo wa kreta na kuteremka kwa njia ya Malanja, kwa kawaida huishia kwenye makumbusho, husimama kwenye kingo kutazama matabaka ya udongo mwekundu na kijivu, halafu huendelea na safari ya Serengeti. DK hafiki. Si mahali pa kupigia picha. Nje ni kuta za mawe na paa. Ndani ni sakafu ya ardhi yenye mawe meusi ya bazalti yaliyokaa kwa duara, upana wa mita nne hivi.

Duara hilo liliibuliwa mwaka 1962, wakati Mary Leakey, mke wa Louis, na wachimbaji wake walipokuwa wakifukua Tabaka la Kwanza, lile la chini kabisa juu ya mwamba mweusi wa lava. Umri wake unakaribia miaka milioni 1.8. Mary alilitazama, akalichora, akalifikiria, kisha akaandika kwamba huenda ni msingi wa kizuizi cha upepo: matawi yalisimikwa, mawe yakarundikwa kuyashikilia shinani. Alilifananisha na vibanda vya muda vya wahamaji wa Namibia. Kama alikuwa sahihi, basi hilo ni miongoni mwa majengo ya kale kuliko yote yaliyowahi kuonekana duniani, na mwashi wake hakuwa mtu kamili kama sisi. Baadaye wakaja wataalamu wengine, Richard Potts akiwa mmojawapo, wakasema hapana: lava iko karibu sana chini ya pale, na mizizi ya mti mkubwa huweza kupenya kwenye nyufa zake, ikabandua vipande na kuvisukuma juu kwa duara bila mkono wa kiumbe yeyote.

Wengi husimulia ubishi huu kana kwamba umekishusha hadhi kibanda kile. Mimi nauona kinyume. Kama duara lingeachwa wazi, mvua mbili tatu za masika zingetosha kulitawanya, na swali lingefungwa siku hiyo kwa kukosa shahidi. Michoro ingebaki, na picha, lakini mchoro ni jibu la aliyechora. Waliokuja kumpinga Mary walikuwa na mawe yenyewe mbele yao, pale pale alipoyaacha, kwa sababu kuna mtu aliyatilia ukuta na paa. Aliyejenga kibanda kile alijenga kwa ajili ya watu ambao wangekuja kusema kwamba aliyemtuma amekosea. Sijui heshima kubwa zaidi ambayo jengo la wasomi linaweza kuistahili.

Nimezungumza na waashi wa Karatu kuhusu kazi ya namna hiyo, watu wanaojenga kwa mawe na tofali za kuchoma kila siku, na wote huanzia sehemu moja: msingi. Nyumba ya kawaida huanza kwa kuchimba. Hapa kuchimba ndiko hasa kunakokatazwa, kwa kuwa ardhi utakayoikata imejaa mifupa na mawe yaliyochongwa. Inakubidi uutafute mstari ambao tayari umeshachimbwa na kuandikwa, uweke msingi wako hapo, na usizidi hata kwa unene wa kiganja. Halafu ni maji. Paa likikusanya mvua na kuimwaga upande mmoja, umetengeneza mtaro utakaoula ukingo wa korongo na hatimaye kukirudia kibanda chenyewe. Halafu ni hewa. Ukiziba kote, unyevu unanyanyuka kutoka chini, unaacha chumvi ikikauka juu ya mawe, na jiwe lililokaa salama gizani kwa miaka karibu milioni mbili linaanza kubanduka ngozi. Ukiacha wazi mno, upepo wa Oldupai, ambao kiangazi hubeba vumbi kama moshi, unaingia kufanya kazi ya msasa. Timazi na pima maji havitoshi kwa mambo hayo. Anatakiwa mtu anayejua kujizuia.

Kujizuia ndio ustadi uliolifanya bonde lile kuwa shule. Kabla ya mwaka 1959, uchimbaji wa pale ulikuwa wa kuokota zaidi kuliko kufukua. Wilhelm Kattwinkel alipita mwaka 1911, Hans Reck akaja mwaka 1913, Louis Leakey akaanza safari zake mwaka 1931; visukuku vilikuwa vingi juu ya miteremko kiasi kwamba mtu alijaza masanduku bila kutoboa shimo la maana. Kisha tarehe 17 Julai 1959, pale FLK, eneo jingine la uchimbaji humo bondeni, Mary aliona kipande cha fuvu na meno yakichungulia. Vilikuwa vya kiumbe ambaye Louis alimwita Zinjanthropus, na fuvu lake lilitoka katika mamia ya vipande ambavyo Mary aliviunganisha kimoja kimoja. Fedha za Marekani zikaja, na mwaka uliofuata kazi iliyofanyika ilipita ya miaka yote iliyotangulia.

Fedha nyingi zingeweza kuleta pupa. Zilileta utaratibu. Sakafu ya FLK ilifunuliwa kwa upana, si kwa mashimo. Eneo likagawanywa kwa kamba katika miraba, na kila mfupa na kila jiwe likabaki lilipo mpaka limechorwa kwenye ramani kwa kipimo. Maelfu ya vipande yalipitia mkondo huo. Mary alikuwa binti wa mchoraji, na mwaka 1951 alikuwa amekaa miezi kwenye majabali ya Kondoa akinakili michoro ya miambani kwa mkono. Jicho lile ndilo lililokuja kuzichora sakafu za Oldupai. Ukikitazama kitabu chake cha mwaka 1971 juu ya uchimbaji wa Tabaka la Kwanza na la Pili, utaona kurasa za ramani zenye alama ndogo ndogo, kila alama kitu kimoja, na unatambua kwamba nyuma ya kila alama kuna mtu aliyelala kifudifudi juani, akipuliza vumbi.

Watu hao wana majina, nami napenda yatajwe. Wengi walikuwa Wakamba kutoka Kenya. Heselon Mukiri alikuwa kiongozi wao wa siku nyingi, fundi ambaye Louis alimwamini kuliko wahitimu wengi. Kamoya Kimeu alianzia hapo Oldupai mwaka 1960 kabla jina lake halijajulikana dunia nzima kwa kazi ya Turkana. Na Peter Nzube, mwaka 1968, aliona pale pale DK kipande cha fuvu kilichoganda kwenye gamba la chokaa. Hicho ndicho kisukuku kilichopewa namba OH 24. Kilikuwa kimebanwa na uzito wa ardhi hadi kikawa bapa kabisa, na kwa ubapa huo wakakitania kwa jina la Twiggy, mwanamitindo mwembamba wa Uingereza wa miaka ile. Ron Clarke alichukua ule ubapa, akautenganisha kipande kwa kipande, akausimamisha tena kuwa fuvu la Homo habilis. Wachimbaji walitumia sururu kwa udongo wa juu usio na kitu, patasi nyembamba walipokaribia, na mwishoni sindano za daktari wa meno na brashi laini. Udongo wote ulipita kwenye chekeche, ili hata jino la panya lisipotee. Mtu anayejua kazi hiyo husikia kwa vidole tofauti ya udongo uliotua kwa maji na udongo uliotikiswa na mnyama. Hakuna kitabu kinachofundisha jambo hilo. Hufundishwa kwa kukaa karibu na anayelijua.

Kitu kimoja kinanishangaza kila ninapolifikiria bonde lile nikiwa huku Karatu: ustadi wa kutumia udongo kama kinga ulikuwepo hapa kabla mwanaakiolojia yeyote hajafika. Wairaqw walijenga tembe zilizozama ndani ya kilima. Fundi alichagua mteremko, akaukata, ukuta wa nyuma ukawa ardhi yenyewe. Nguzo za panda zilisimikwa, boriti zikalazwa juu yake, fito zikabanwa, zikaja nyasi na majani, na juu ya yote udongo ulioshindiliwa. Paa lililingana na mteremko na kuota majani, hivi kwamba aliyetazama kutoka juu aliona malisho tu. Shabaha ilikuwa kujificha, hasa siku za uporaji wa mifugo. Lakini ukiisikiliza namna wazee wanavyoieleza nyumba ile, kujificha huchukua sentensi moja. Kinachochukua mazungumzo marefu ni maji: nyasi zilazwe kuelekea wapi, udongo wa juu uwe wa aina gani, mwinamo uwe kiasi gani ili mvua iteleze isichimbe, na nani atapanda juu kila mwaka kabla ya masika kuongeza udongo palipobonyea na kung'oa kichaka kilichoanza kutia mizizi. Mbao za miti migumu ya misitu ya juu zilidumu miaka mingi, paa halikudumu bila mikono. Leo mabati yametawala, na tembe zilizobaki ni chache, nyingine zikiwa za kuonyesha wageni.

Laetoli, kilomita kama 45 kusini mwa Oldupai, wanasayansi walilazimika kujifunza somo hilohilo la paa la udongo, na walijifunza kwa gharama. Habari ya nyayo zenyewe inajulikana. Mwaka 1976 ziligunduliwa nyayo za wanyama kwenye majivu ya volkano yaliyonyeshewa yakaganda, na mwaka 1978 Paul Abell akaona unyayo wa zamadamu. Mwaka huo na uliofuata timu ya Mary Leakey ilifunua mstari wa nyayo wenye urefu wa mita 27, wa viumbe waliotembea wima miaka milioni 3.66 iliyopita. Majivu yale ni laini. Ukiyaacha hewani, jua na mvua huyamaliza. Mwaka 1979 Mary akaamua yafukiwe, na nadhani huo ulikuwa uamuzi mgumu kuliko wote aliowahi kuufanya, kwa mtu aliyekuwa ameyatoa kwa brashi, punje kwa punje. Mchanga ukamwagwa, na juu yake mawe ya lava kuzuia mmomonyoko na kwato.

Mchanga ulikuwa na mbegu za migunga. Mawe yalihifadhi ubaridi na unyevu, kivuli kidogo, kitalu kamili. Miaka ikapita bila mtu wa kupita na kuichomoa miche. Ilipofika miaka ya 1990 kulikuwa na miti mirefu kuliko mtu imesimama juu ya nyayo mashuhuri kuliko zote duniani, na mizizi ilikuwa imeshafika chini.

Kilichofuata, kati ya 1993 na 1996, ni kazi ambayo ningetamani kila mwanafunzi wa ujenzi nchini aisome. Idara ya Mambo ya Kale ya Tanzania ilishirikiana na Taasisi ya Uhifadhi ya Getty ya California. Neville Agnew na Martha Demas walikuwa miongoni mwa walioongoza upande wa Getty. Miti ilikatwa na visiki vikatiliwa dawa ili visichipue. Hakuna mzizi uliovutwa, kwa kuwa ungetoka na unyayo. Majivu yaliyouzunguka mzizi yaliimarishwa kwanza kwa dawa, kisha mzizi ukakatwa kwa msumeno mdogo sana, na tundu likajazwa. Kila kitu kilipigwa picha za vipimo, ili siku moja mtu aweze kulinganisha. Halafu wakafukia upya. Safari hii mchanga ulichekechwa hadi mbegu ya mwisho. Juu ya mchanga ikaja nguo maalumu inayopitisha maji na kuzuia udongo usichanganyike. Juu yake mchanga tena. Kisha tabaka lenye vidonge vinavyotoa dawa polepole na kugeuza mizizi isiendelee kushuka. Kisha mchanga, na tabaka jingine la namna hiyo. Kisha udongo wa palepale, mkeka wa kuzuia mmomonyoko, na mwishoni mawe ya lava. Chote kiliumbwa kama kichuguu kilichoinuka katikati, chenye mwinamo uliopimwa, ili mvua iteleze isichimbe.

Soma tena mpangilio huo, halafu kumbuka tembe. Kinga ya mbao au ya dawa, udongo, mwinamo, na swali la nani atakuja kabla ya masika. Sisemi kwamba wataalamu wa California walijifunza kwa Wairaqw. Hawakukutana nao kwa jambo hilo. Nasema kwamba anayechukua udongo kama paa, awe na shahada au asiwe nayo, hufikishwa kwenye maswali yaleyale na udongo wenyewe.

Na swali la mwisho walilijibu vizuri. Mwaka 1996 waliwaita majirani. Wazee wa Kimaasai walikusanyika, oloiboni, kiongozi wao wa kiroho, akazungumza nao juu ya mahali pale, kondoo akachinjwa, na kichuguu kikawekwa chini ya heshima ya watu wanaochunga hapo kila siku. Walinzi wakachaguliwa kutoka kwao. Ukuta wa mawe ungeweza kuvukwa. Agizo la mzee mbele ya wenye mifugo lina nguvu ya namna nyingine, na ilikuwa busara ya kihandisi kulihesabu kuwa sehemu ya jengo.

Tangu hapo wazo la kujenga makumbusho juu ya nyayo limekuja na kurudi. Mwaka 2011 sehemu ya mstari ilifunuliwa ili ionekane, Rais Jakaya Kikwete akiwa na hamu ya kuona Watanzania wanaitazama hazina yao kwa macho. Hamu hiyo naielewa na siibezi. Mtoto wa Karatu anayesoma kuhusu Laetoli darasani yuko karibu na nyayo zile kuliko karibu watoto wote duniani, na hajaziona. Maandalizi ya makumbusho hayo ndiyo yaliyozaa jambo ambalo hakuna aliyelipanga. Timu ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Fidelis Masao na Elgidius Ichumbaki wakiwemo, ilitumwa kuchimba mashimo ya majaribio ili kuona kama pana kitu ambacho ujenzi ungekiharibu. Hiyo ni kazi isiyo na sifa: mashimo ya mraba ya mita mbili kwa mbili, moja baada ya jingine, ukitarajia kuandika "hakuna kitu" kwenye kila fomu. Mwaka 2014 na 2015, mita kama 150 kutoka kwenye mstari wa Mary Leakey, mashimo hayo yalitoa nyayo mpya 14, 13 za kiumbe mmoja na moja ya mwingine. Yule wa kwanza alikadiriwa kuwa na urefu wa sentimita 165, mkubwa kuliko wote waliojulikana pale. Matokeo yalichapishwa Desemba 2016.

Chuo kile kilianzisha kitengo chake cha akiolojia mwaka 1985. Miaka thelathini baadaye walimu wake, wakiwa wametumwa kuhakikisha jengo halitadhuru kitu, walikuta kitu kikubwa kuliko jengo lenyewe. Wangeweza kuchimba mashimo machache, kwa haraka, wakaidhinisha ramani. Nyayo zile zingekuwa chini ya zege sasa, au chini ya maegesho.

Makumbusho ya Oldupai yaliyofunguliwa mwaka 2017 ni mazuri, na yamewekwa kwenye ukingo, mahali pa kutazamia, si juu ya tabaka lenye masalia. Hilo ni chaguo la busara. Laetoli jengo litakuwa juu ya nyayo au halitakuwa na maana, na hapo ndipo ninapotaka wachoraji wa ramani wakalale kwanza usiku mmoja Oldupai na asubuhi wapelekwe DK. Waulize maji ya paa yanakwenda wapi. Waulize jasho na pumzi za wageni mia tano kwa siku zitafanya nini kwa majivu laini kuliko bazalti. Waulize bajeti ya mwaka wa kumi na tano, wakati utepe umeshakatwa na mfadhili ana mradi mwingine: ipo? Kwa jina la nani? Mche wa mgunga wenye urefu wa kidole hung'olewa kwa vidole viwili. Ulioachwa kuanzia 1979 ulihitaji misumeno, dawa, miaka mitatu na wataalamu kutoka ng'ambo ya bahari. Katika mchanganuo wowote wa fedha za jengo la Laetoli, mshahara wa mtu wa kung'oa miche unapaswa kuandikwa kabla ya bei ya kioo.